Konokono wa Mwarandu

"Daktari, kimoja imetembea."

Adau alikuwa amesimama mlangoni pa maabara ya zahanati, kambini Kakuma, ameshika bakuli la bati kwa mikono miwili na kulitenga na kifua chake. Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwishoni mwa Januari mwaka 2013, na mbele yangu nilikuwa na slaidi kumi na tisa za malaria. Nilimwambia aliweke pale mezani, nitalitazama baadaye. Hakuliweka. Adau ni mrefu hata miongoni mwa Wadinka wenzake, na akiamua kusimama mahali, amesimama. Wagonjwa wawili waliotaka kuniletea vichupa vyao walisubiri nyuma yake.

"Kimoja nini, Mama Achan?"

"Vile vitu vyako ulinipa vya shanga. Kimoja imetembea."

Nikainuka shingo upande, nikachungulia. Chini ya bakuli kulikuwa na maji kidogo ya sabuni, na ukingoni, karibu na kidole gumba cha Adau, palikuwa na konokono. Alikuwa mdogo, hajaifikia punje ya hindi. Gamba lake lilikuwa na rangi ya chai isiyotiwa maziwa, na mstari mmoja mweupe uliolizunguka. Pembe zake zilikuwa nje zote. Alikuwa akipanda.

Ningependa kusema kwamba moyo ulinilipuka. Wapi! Nilitazama, nikasema, "Sawa," nikarudi kwenye hadubini. Siku zile neno langu lilikuwa hilo. Chakula kimechacha, sawa. Umeme umekatika, sawa. Mkuu wa zahanati alikuwa ameacha kunipa pole kwa lolote kwa sababu ya hiyo sawa yangu.

Afadhali nieleze magamba hayo yalikotoka, la sivyo utaniona kichaa kabla ya wakati. Mume wangu aliitwa Mwarandu, na kazi yake ilikuwa kuokota konokono. Naam, konokono. Mama yangu kule Maragoli alipoulizwa mkwewe anafanya kazi gani, alijibu kuwa yuko serikalini, na mazungumzo yakahamia kwenye mahindi. Mwarandu hakuwa serikalini. Alikuwa msaidizi wa Daktari Jerotich, mtafiti wa Nairobi aliyewachunguza konokono wadogo wa nchi kavu, wale wa misitu ya pwani na vilima vya mchanga kaskazini ya Malindi. Mtu mzima, mrefu kuliko milango ya kwao, alishinda akitambaa kwa magoti chini ya vichaka, akichekecha majani makavu kwa chekecheke. Jioni alirudi na mchanga masikioni, akaniwekea mezani kitu kidogo kuliko ukucha wa mtoto, akasema, "Sellah, huyu hajulikani na mtu yeyote duniani." Nami nilimjibu kwamba wali unapoa.

Juni mwaka 2011 lori lilimgonga akiwa kwenye pikipiki, akirudi kutoka kwenye kilima kimoja cha mchanga. Wasamaria wakampeleka hospitali ile ile niliyokuwa nikifanyia kazi. Hakuwa na kitambulisho mfukoni, kwa hiyo damu yake ililetwa maabara ikiwa na namba tu: 417. Niliipima mimi. Hemoglobini tatu nukta moja. Niliandika kwenye fomu, nikamwambia muuguzi, "Huyu hafiki saa sita," kisha nikaomba sukari, maana chai ilikuwa imeletwa. Nilikunywa kikombe kizima. Kutoka pale nilipoketi hadi kitandani pake hapakuzidi hatua thelathini.

Alifariki saa tano na nusu. Waliponijia na habari, ganzi ilinipanda kutoka miguuni, na ilipofika juu ikakaa. Sikulia. Siku zote za matanga Wagiriama wa kwao Mwarandu waliimba, wakacheza, wakalia, wakaanguka, na wifi zangu wakawa wananitazama kwa jicho la pembeni, kana kwamba nimeficha kitu. Sikuwa nimeficha kitu. Nilikuwa najua idadi ya masufuria yaliyoazimwa na nyumba yalikotoka, na nilihakikisha yote yamerudi.

Nikaomba uhamisho kwenda Lodwar. Afisa aliyepokea barua yangu alinipigia simu kuuliza kama kalamu imeteleza, kwa sababu watu huandika barua kuomba kutoka huko. Nilikaa Lodwar miezi minane ya mwaka 2012, katika chumba cha mabati karibu na mto Turkwel. Mji mzima ulikuwa ukizungumza mafuta yaliyopatikana upande wa Lokichar. Mwenye nyumba wangu alipandisha kodi kwa ajili ya mafuta ambayo si yeye wala mimi aliyekuwa ameyaona. Sawa. Septemba walihitaji mtu wa maabara katika zahanati moja ya kambi ya Kakuma, na hakuna aliyenyoosha mkono, nikaenda. Kote huko nilibeba mfuko walionikabidhi hospitalini: viatu vya Mwarandu, chekecheke yake, na mkebe wa maziwa ya unga uliofungwa kwa utepe, wenye karatasi iliyoandikwa kwa penseli mahali na tarehe. Mkebe niliuweka juu ya rafu ya maabara, nyuma ya katoni za glavu. Kwa nini uko pale, sijui. Ulihitaji kuwa mahali.

Adau ndiye aliyekuwa akifagia zahanati, na mchana, katika boma lake kambini, alitunga shanga pamoja na akina mama wengine. Alikuja kufuta vumbi la rafu, akatikisa mkebe, akasikia kuna vitu. Akauliza. Nikaufungua mbele yake kwa mara ya kwanza. Magamba arobaini na moja, kila moja limezibwa mdomoni kwa utando mweupe kama karatasi ya sigara. Aliyasifu sana. Akauliza nina kazi nayo gani.

"Sina," nikamwambia. "Chukua."

Hapa pana kosa, na nataka ligawanywe sawasawa. Turkana nzima ina magamba. Akina mama wa Kiturkana huyaleta sokoni kutoka kwenye fukwe kavu za ziwa, meupe, ya kale, yaliyokufa kabla hajazaliwa mtu tunayemjua. Huyatoboa na kuyatunga, na Adau alijifunza kwao. Kwao Bor, kabla vita havijamkimbiza, alikuwa amewaona konokono wa mtoni, lakini wale waliishi majini. Kitu kilichokaa kikavu ndani ya mkebe zaidi ya mwaka, katika joto la Lodwar na Kakuma, nani angesema kina mwenyewe ndani? Sehemu yake ya kosa ni hiyo tu. Yangu ni kubwa zaidi. Mwarandu alikuwa ameniambia, tena si mara moja, kwamba hawa wakiona ukame hujifungia na kulala. Aliniambia wakati wa kula, nami nikamwambia asiongelee makamasi mezani.

Basi nilimaliza slaidi zangu kumi na tisa, na Adau akanisubiri. Nikamuuliza yale mengine yako wapi. Alitoa mfukoni mkufu, akaulaza mezani juu ya taulo la karatasi. Ulikuwa umetungwa vizuri mno, magamba arobaini yamefuatana kwa ukubwa, katikati yake shanga ndogo za buluu.

"Nilikuwa natengenezea wewe," alisema. "Zawadi. Hiyo moja ilikuwa dogo sana, sindano ingevunja, nikaacha kwa bakuli."

"Na hizi? Ulipozitoboa?"

Aliangalia nje dirishani, upande wa laga ya Tarach, mto usio na maji ila siku za mvua, ambako mbuzi walikuwa wakitafuta kivuli cha miti ya mathenge.

"Zingine zilitoa maji kidogo," akasema. "Nilifikiri ni uchafu."

Tukautazama mkufu pamoja. Ningeweza kumwambia maneno mengi, na mengine angestahili kuyasikia mtu mwingine, yaani mimi.

"Sawa," nikasema.

"Si sawa," akasema Adau. Alichukua ufagio wake akaenda zake, na kwa siku mbili hakunisemesha.

Nilimpigia simu Daktari Jerotich. Hatukuwa tumezungumza tangu maziko. Nilimsomea karatasi ya mkebe, nikamweleza habari ya yule aliyeamka. Kisha akaanza kuuliza harakaharaka: mstari mweupe ni mmoja? Mdomo wa gamba umekunjika? Yuko hai kabisa, anatembea? Aliniambia kile kilima cha mchanga hakipo tena. Mwaka uliotangulia walileta mashine, wakakisawazisha, wakajenga ukuta na nyumba za likizo, na msitu mdogo uliokuwa nyuma yake umekuwa maegesho ya magari. Yeye mwenyewe alikwenda mara tatu, akachekecha mpaka kando ya barabara. Hakupata hata mmoja.

"Lakini amekaaje hai muda wote huu?" nikamuuliza.

"Ungebaki naye Malindi, unyevu ungemwamsha ndani ya mkebe, angekufa njaa," alisema. "Ukame wa huko uliko ndio uliomtunza, Sellah. Amelala kwa sababu hakukuwa na sababu ya kuamka."

Nikasema sawa. Nilimtumia ule mkufu kwa basi, shanga za buluu na yote. Konokono nilimtia kwenye kisahani cha kioo chenye mfuniko, nikampa pamba yenye unyevu, kipande cha sukuma wiki na chembe ya chaki. Asubuhi nilibadilisha pamba. Jioni nilimpulizia maji kwa bomba la sindano. Usidhani nilimpenda. Nilimlisha kama nilivyojilisha mwenyewe, kwa saa. Ila niliona kuwa sukuma wiki alikula akianzia katikati, akaacha kingo, na siku moja nilijikuta nikimtafutia jani changa kwa Pontien, Mrundi aliyekuwa na genge karibu na lango. Pontien aliniuliza ninapika mboga gani ya jani moja. Nikamwambia nina mgeni asiyekula sana.

Baada ya majuma mawili Daktari Jerotich akapiga tena. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejiandaa. Magamba yalikuwa yamefika, mazuri, lakini kwa gamba tu hawa wanafanana na binamu zao wa kusini, na hakuna jarida litakalokubali kuwa ni aina mpya. Mwili ndio unaosema. Maungo ya ndani, ndiyo yanayotofautisha. Katika yale arobaini yaliyotobolewa miili ilikuwa imekauka, imebaki vumbi tu.

"Mmoja anatosha," akasema.

Nilielewa. Niliwahi kumwona Mwarandu akifanya. Unachemsha maji ili hewa itoke, unayaacha yapoe, unajaza chupa mpaka pomoni, unamtia konokono na kufunga bila kuacha hata kiputo kimoja. Konokono hujinyoosha nje ya gamba akitafuta hewa, hujinyoosha wote, na hufa hivyo, mwili wote ukiwa wazi kwa kisu. Huchukua saa kumi na mbili. Baadaye unamhamishia kwenye spiriti kali.

"Hana mwenzake, Sellah," aliendelea Daktari Jerotich, kwa upole wa kweli. "Hana pa kurudishwa. Ataishi miezi, labda mwaka, kisha atakauka. Ukimleta kwangu vizuri, nitampa jina. Nimekwisha kufikiria. Nitampa jina la Mwarandu. Likiandikwa, limeandikwa, hata sisi tukishasahaulika. Bila mwili, atabaki namba ndani ya droo."

Ndani ya droo, namba. Hakujua alichokigusa, maana hadithi ya 417 sikuwahi kumsimulia mtu. Nikamwambia ndiyo, nitafanya. Nilisema haraka, na nilipokata simu nilitambua kwamba nataka. Nilikuwa sijataka kitu tangu mwaka 2011, hata maji nilikunywa kwa kukumbuka. Sasa nikataka jina la mume wangu liandikwe mahali, na kila mtu, hata Mjapani, akimtaja konokono huyo alitaje. Nilimpima kama namba nikaomba sukari. Nilidhani jina lingenifutia hilo.

Zahanati yetu ilikuwa na spiriti ya kusafishia tu, hafifu. Jumamosi nikapanda basi kwenda Lodwar, na askari wawili wa kutusindikiza wakasinzia viti vya mbele njia nzima. Mji ulikuwa umebandikwa sura za wagombea mpaka kwenye mashina ya mikoma, kwa kuwa uchaguzi ulikuwa karibu. Mwenye duka la dawa alinisalimu, "Ejok," akanikumbuka. Akauliza spiriti kali kiasi hicho ni ya kufanyia nini.

"Kuhifadhi mtu," nikasema.

Alicheka, kisha akaacha kucheka, akanifungia chupa ndani ya gazeti. Nilirudi Kakuma alasiri ile ile nikiwa na vumbi mpaka kwenye meno.

Jumapili zahanati ilikuwa kimya, mlinzi peke yake langoni, na kutoka makanisa ya kambi, Wakongo huku na Wadinka kule, nyimbo zilikuwa zikigongana juu ya mabati. Nilichemsha maji kwenye jiko la maabara. Nikayaacha yapoe. Nilitafuta chupa yenye mfuniko mzuri. Mikono yangu ilijua la kufanya, na niliiacha ifanye.

Adau akaingia, amevaa nguo ya kanisa, njano, yenye shada la maua ya plastiki kifuani. Alikuwa amesahau ufunguo wa stoo. Aliiona chupa, akaiona spiriti, akamwona konokono kwenye kisahani chake akitembea juu ya sukuma wiki.

"Unafanya nini yeye?"

Nikamweleza. Sikumficha kitu: maji, saa kumi na mbili, Nairobi, jina. Nilipofika kwenye jina aliketi kwenye kiti cha wagonjwa, kile cha kutolea damu, akaweka Biblia yake mapajani.

"Jina ni kitu kubwa," alisema. "Mimi sikatai. Mimi niliolewa kwa jina."

"Vipi?"

"Kwetu, mwanaume akikufa bila mtoto, ndugu yake anaoa mke kwa jina yake. Ng'ombe inatoka kwa jina ya huyo amekufa. Watoto ni ya huyo amekufa. Ndio jina isipotee. Bwana yangu ni Malual. Mimi sikumwona hata siku moja. Alikufa nikiwa mtoto nachunga ndama."

"Na baba yake Achan?"

"Malual."

"Mama Achan, nauliza baba yake."

Alitabasamu kidogo, si kwangu. "Athian. Ndugu mdogo wa Malual. Yeye ndio alinileta nyumbani. Alikuwa anaongea kidogo sana, lakini alikuwa anaweza kuchekesha ng'ombe. Tulipokimbia Bor, Achan alikuwa na miaka mbili. Athian alimbeba kwa mgongo siku nyingi, sijui ngapi, miguu ilikuwa imepasuka hivi. Hata kulala alilala amekaa, mtoto asianguke. Tulifika hapa. Mwaka ya sita akakufa, homa tu, hapo Kambi ya Kwanza. Hakuwa ameoa kwa jina yake mwenyewe. Ng'ombe ziliisha kwa vita."

Nyimbo za Wakongo zikanyamaza, za Wadinka zikabaki.

"Kwa kadi ya rasheni," alisema Adau, "Achan baba yake ni Malual. Shuleni, Malual. Sasa yuko Juba ana mtoto, na huyo pia ni wa Malual. Watu wanasema jina ya Malual kila siku, na ni vizuri, alikuwa mtu ya watu. Lakini hakuna mtu dunia nzima anaitwa mtoto ya Athian. Mimi nikiwa pekee yangu naita Athian, Athian. Jina ilikuwa ya Malual, daktari. Mgongo ilikuwa ya Athian."

Nilishika chupa nikaijaza maji mpaka yakavimba mdomoni. Nilichukua kibano, nikambandua konokono taratibu kutoka kwenye jani, naye akajivuta ndani ya gamba lake, pembe zote zikapotea.

"Mimi nimeua arobaini," akasema Adau nyuma yangu. Hakupandisha sauti. "Bila kujua. Wewe unajua."

"Kesho atakuwa na jina," nikamwambia, nikamdondosha majini. Nikafunga mfuniko. Hapakuwa na kiputo hata kimoja. Niliifanya kazi nzuri, niseme ukweli.

Alishuka mpaka chini, akalala pale kama kokoto. Mimi ningeweza kwenda zangu. Ndivyo kazi inavyofanywa: unafunga, unaandika saa, unarudi usiku. Saa nne na dakika kumi, niliandika. Kalamu nikaiweka chini. Na sijui kwa nini, badala ya kuondoka, niliinama mpaka jicho langu likawa usawa wa chupa.

Akatoka. Kwanza ncha ya unyayo, kisha kichwa, kisha pembe, na pembe zilipotoka zilianza kugeuka huku na huku. Akaushika ukuta wa kioo akapanda. Alifika juu, kwenye mfuniko, mahali ambapo kwa kawaida hewa huwepo, akazigusisha pembe zake pale, akazirudisha, akazigusisha tena. Akazunguka mfuniko wote. Alikuwa anajinyoosha. Sikuwahi kumwona hivyo, mrefu mara mbili ya gamba lake, mweupe, unaona mpaka ndani yake, na kila pahali alipogusa palikuwa maji. Hakuwa na sauti. Kama angekuwa na sauti nadhani ningeweza kustahimili, maana sauti za watu wanaokufa nimezoea kuzisikia kupitia ukutani.

Hatua thelathini, nikawaza. Alikuwa anatafuta hewa, na mimi nilikuwa natia sukari.

"Mungu wangu," nikasema. "Mungu wangu, Mwarandu."

Mfuniko haukufunguka. Nilikuwa nimeukaza barabara, na vidole viliteleza kwa maji, na Adau alikuwa amekwisha simama lakini hakunisaidia, alisimama tu. Nikaushika kwa koti langu nikausokota. Maji yakamwagika mezani, yakalowesha fomu, yakashuka miguuni pangu, na konokono akatoka nayo akaniangukia kiganjani. Alikuwa amelegea, amening'inia nje ya gamba lake. Nikajua nimechelewa tena.

Nilimwelekeza juani, dirishani. Nikampulizia. Sijui kama kumpulizia konokono kunasaidia kitu, na mtu mwenye stashahada ya maabara angepaswa kujua. Nilimpulizia polepole, na nilikuwa nikimwambia maneno, nikimwambia nimekuja, niko hapa, nimekuja mwenyewe. Wadinka nao wakamaliza kuimba, na kwa mbali mtu akaanza kuhubiri.

Unyayo wake ulijikunja. Kidogo tu. Kisha ukashika ngozi yangu, baridi, na pembe moja ikatoka, ikafuatwa na ya pili. Akageuka kuelekea chini ya kidole changu gumba, pale penye mikunjo, akatulia. Nikahisi kitu. Nilidhani ni mshipa wangu. Kilikuwa ni ulimi wake. Alikuwa akiniramba kwa ule ulimi wao wenye meno madogo yasiyoonekana, anakwaruza, anaacha, anakwaruza, akijaribu kama mimi ni chakula.

Niliuhisi mkwaruzo ule mpaka begani. Na kabla sijajua ni nini kinachonijia, kilikuwa kimekwisha kunishika kifua na kunikunja, na sauti iliyonitoka sikuitambua, ilikuwa mbaya, ilikuwa ya mnyama. Mlinzi alikuja mbio kutoka langoni, akaona, akarudi. Nililia machozi ya miaka miwili kasoro miezi minne. Yalianza kudondoka kidevuni, na hapo nikaona tone moja limeanguka kwenye mkono wangu, kando kabisa ya gamba, na konokono akarudisha pembe zake ndani kwa haraka.

Machozi yana chumvi, na chumvi humwunguza konokono mpaka afe. Nikaunyoosha mkono wangu mbali na uso kadiri ulivyoweza kwenda, nikageuza kichwa upande wa pili, na bado sikuweza kunyamaza.

Adau akaja akakinga viganja vyake vyote viwili chini ya changu.

"Lete mimi nishike," alisema. "Wewe lia."